Hati ya Kiwanja cha Nambis

Saa nane mchana madiwani wangeamua fedha za tawi la maktaba ziende wapi. Tawi lilikuwa moja, kata zilizoomba tatu, na hati ya kiwanja cha kata ya Nambis ilikuwa bado haina sahihi. Verediana, mkutubi wa wilaya, alikuwa ameihangaikia Nambis miaka miwili, huku vitabu vikiliwa na mchwa stoo. Mkoa wa Manyara ulikuwa mchanga na kila ofisi ilililia jengo lake. Wakikosa leo, basi tena.

Aliyetoa kiwanja, mzee Margwe, alikuwa amefiwa na mkewe wiki iliyopita. Alikuwa kwenye metimani, kule kujitenga kwa Wairaqw baada ya msiba. Hagusi mtu, na anayepokea kitu alichokishika hujitenga pia, na atakayepokea kwa huyo vivyo hivyo.

"Shikamoo baba. Pole sana kwa msiba," Verediana alimwambia asubuhi hiyo, akiwa uani kwake."

"Marahaba. Hapo hapo mwanangu, usisogee. Kiwanja si nilishatoa? Waambie."

"Wanataka sahihi, baba."

"Nikiishika hiyo karatasi, nani ataipokea?"

"Mimi."

Mzee alimtazama kwa huruma. "Utakaa miezi mtu hakanyagi kwako."

Verediana alitabasamu. Hayo mambo ya wazee, alijisemea, kana kwamba yeye alizaliwa Ulaya. Akaweka karatasi na kalamu juu ya jiwe, akarudi nyuma. Mzee akasaini. Verediana akaichukua.

Ukumbini, mkurugenzi, mgeni kutoka Tanga, aliuliza sahihi imepatikana lini.

"Leo asubuhi, kwa mzee Margwe mwenyewe."

Viti vilikwaruza sakafu. Waliokaa jirani naye walihama bila hata kuomba radhi, na Verediana akabaki peke yake kwenye benchi la nyuma, karatasi mapajani. Hapo ndipo tabasamu lilipomwisha. Aliogopa, tena sana.

"Utaratibu ni diwani wa kata ailete hati mezani na kuisoma," alisema mkurugenzi. "Diwani wa Nambis?"

Ignasi hakuinuka. Miaka miwili alikuwa amepiga kelele kuhusu maktaba hiyo mpaka sauti ikamkauka, na sasa alivikodolea macho viatu vyake. Kila mtu ukumbini alijua kwamba Jumamosi anamwoza binti yake.

"Mheshimiwa, kama hakuna hati tunaenda kata nyingine," alisema mkurugenzi.

Verediana aliinyanyua karatasi. Hakuthubutu kumwita.

Ignasi alisimama, akapita katikati ya viti, akaipokea kwa mikono miwili. Aliisoma mpaka mwisho bila kumeza mate. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Nambis ikapita kwa tofauti ya kura mbili.

Hakurudi kwenye kiti chake. Alikuja benchi la nyuma, uso umesawijika.

"Sogea, dada, nikae," alisema. "Harusi watacheza bila mimi."