Mwalimu wa Kukataa

Ukitaka kumjua Bonfils wa Musaga, usimwulize mama yake, atakudanganya kwa upendo. Tazama goti lake la kulia. Biashara ikienda vizuri, goti linaruka. Ikienda vibaya, linaruka zaidi. Hata kanisani linaruka, mpaka benchi zima linatetemeka na watu wa nyuma wanadhani Roho ameshuka.

Kazi yake ni kufundisha watu mazoezi nyumbani kwao. Ukumbi hana, mashine hana. Ana kamba ya kuruka, spika ndogo na sauti ya kumwamsha marehemu. Hapo nyuma watu walimlipa awatembeze alfajiri. Halafu petroli ikakosekana, mabasi yakapungua, na mji mzima ukaanza kutembea bure. Mtu aliyetoka Musaga hadi mjini kwa miguu na kurudi jioni hivyo hivyo, utamwambia nini? Aongeze mzunguko? Atakupiga.

Bonfils akawaza, goti likamsaidia kuwaza, akapata dawa. Kutembea, watu wa Bujumbura waliweza bila yeye. Kukataa chakula ndiko kulikowashinda. Basi yeye angeuza kukataa. Akachapisha neno hilo moja kifuani kwenye tisheti nyekundu, kwa herufi kubwa: KATAA. Na kila asubuhi akawatumia wateja sauti kwenye simu: "Ndugu zangu! Fanta ni adui. Bia ni adui mwenye anacheka. Ukikaribishwa, kataa. Ukibembelezwa, kataa. Hata kwa askofu, unakataa, unaomba baraka, unaenda!"

Wateja walicheka, wakaendelea kunywa. Wote, isipokuwa Chanelle.

Chanelle alikuwa karani wa benki moja mjini, mchumba wa Térence, na alikuwa amekodi gauni la harusi ambalo mwenye duka hakutaka liguswe hata uzi mmoja. Zipu ilipanda mpaka katikati ya mgongo, ikasimama pale kama gari lililoishiwa petroli.

"Kocha," alimwambia Bonfils siku ya kwanza, "mi nitafanya yote utasema."

"Yote?"

"Yote."

Hapo ndipo Bonfils alipaswa kuogopa. Hakuna mtu wa hatari kama mteja anayetii.

Jumatatu moja asubuhi akaingia uani kwa kina Chanelle na spika yake, akamkuta ameketi kwenye ngazi, hana hata viatu, macho yamevimba.

"Leo haturuki?"

"Kocha, umeniua."

"Bado. Tumeanza juzi tu."

"Mi sicheki! Jana nilienda Gasenyi, kwa Tanti Concilie."

Bonfils alimjua kwa sifa. Tanti Concilie ni shangazi wa Térence, mjane, ndiye aliyemlea Térence tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Siku ya dot, siku ya kutoa mahari, yeye ndiye angeketi mbele upande wa mume. Bila yeye hakuna dot, na bila dot gauni lile ni pazia tu.

"Akafungua Fanta mbele yangu," Chanelle akasema. "Akajimiminia kidogo, akaonja, halafu akanipa."

"Na we?"

"Nikasema apana, asante."

Goti la Bonfils likaanza.

"Akaleta samaki, mukeke na mafuta yake. Nikasema apana. Akaleta ndizi. Apana. Akanibembeleza, akaleta maji. Maji, Kocha!"

"Maji nilikataza lini, we dada?"

"Ulisema ukibembelezwa, kataa!"

Bonfils akaweka spika chini. Kila mtu mjini anajua kwa nini mwenyeji anafungua chupa mbele ya mgeni na kuonja kwanza: mgeni aone kwamba hamna sumu. Ukishaonjewa na bado ukakataa, si lazima mtu yeyote atamke neno lenyewe. Chupa iliyojaa mezani inalitamka.

"Majirani walikuwamo?"

"Walijaa mpaka mulangoni. Walikuja kuona bibi-arusi. Wameona."

"Sasa?"

"Tanti amesema mguu wake hauingii kwenye dot. Wajomba wanasema kama yeye haendi, nao hawaendi."

"Na Térence anasema nini?"

"Hasemi kitu. Nampigia, ananiambia nitakurudilia. Harudilii." Sauti yake ikakatika. "Mi nampenda yule mutu, Kocha. Nimempata kwa shida, nitamupoteza kwa Fanta?"

Bonfils hakuweza kusimama mahali pamoja. Alizunguka mti wa papai uani mara nyingi mpaka kuku wakahama.

"Tunaenda leo," akasema mwishowe. "Nitamwambia ni mimi nilikufundisha. Na watu wazima kuogopa sumu kwenye Fanta, hiyo nayo ni akili gani? Waniletee pombe, waniletee maziwa, waniletee sabuni ya maji. Nitakunywa yote mbele yao, na yatakwisha."

Mchana huo walipanda Gasenyi kwa miguu. Chanelle alikwenda kama anayefuata jeneza. Bonfils alitangulia, akarudi, akatangulia tena, hivi kwamba njia moja aliitembea mara mbili. Alikuwa na haraka kiasi kwamba alivaa tisheti ya kwanza kuiona. Ni Tanti Concilie aliyemjulisha ni ipi, pale mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, wa kitenge kilichopigwa pasi, na alikisoma kifua cha Bonfils bila miwani.

"Kataa," akasoma. "Sasa nimejua mwalimu ni nani. Karibuni."

Ndani alikuwako Térence, ameegemea ukuta, macho sakafuni. Alikuwako pia Elvire, jirani, aliyekuja kuazima chumvi na kusahau kuondoka nayo. Wageni wakaketi. Tanti Concilie akabaki amesimama.

"Tanti," Bonfils akaanza, "kosa ni yangu. Huyu dada hakukuogopa. Aliogopa zipu."

Elvire akacheka puani. Tanti Concilie hakucheka.

"Nilimuambia akatae kila kitu," Bonfils akaendelea, goti likipiga ngoma. "Ni kazi yangu. Watu wananilipa niwakataze."

"Wanakulipa," Tanti Concilie akasema. "Mimi nilikataliwa bure." Akamgeukia Chanelle. "Mutoto, Térence alikuambia kwa nini mi naishi huku na sikai kule mulimani kwa mume yangu?"

"Apana, Tanti."

Térence akazidi kuikagua sakafu.

"Mume yangu aliumwa tumbo siku mbili, akakufa. Alikula nini? Chakula yangu. Angekula ya nani? Familia yake wakasema ni mimi. Hawakunipeleka kwa polisi, hawakunipiga. Waliacha tu kunywa kwangu. Sikukuu ikifika natengeneza pombe, hakuna mutu anakuja, inachacha peke yake mpaka naimwaga. Nikakuja Gasenyi, kwenye hakuna mwenye ananijua. Huku watu wanakula kwangu, wanakunywa kwangu, huyu Elvire anamaliza chumvi yangu. Halafu jana mutoto mwenye nitamuita wangu, anakataa maji."

Chanelle aliweka viganja usoni. "Tanti, sikujua. Haki ya Mungu, sikujua."

"Ndiyo. Hukujua."

Akaingia chumba cha nyuma. Térence akanong'ona, "Chanelle, nilipaswa kukuambia," na Chanelle akageuza uso, akampa upande wa sikio. Tanti Concilie akarudi na jagi la urwarwa, pombe ya ndizi, na glasi moja. Akamimina mpaka juu. Wote wakangoja ainue glasi aonje kama desturi.

Hakuonja.

"Leo sionji," akasema. "Nimeonja miaka mingi. Mwenye anataka kunywa kwangu, akunywe. Tutaanza na mwalimu."

Akampa Bonfils glasi.

Bonfils alikuwa na mzaha tayari mdomoni, mzaha mzuri, angeuza hata kwenye redio. Akainua glasi. Povu likamgusa mdomo wa juu. Na katikati ya mzaha, bila kuitwa na mtu, likapita kichwani lile tumbo la siku mbili.

Goti likasimama.

Pengine ilikuwa muda wa kumeza mate tu. Lakini nyumba ile ilikuwa imezoea mtikisiko wake tangu aingie, vikombe kabatini vilikuwa vikilia kidogo kidogo, na ulipokatika, kila mtu alisikia. Elvire akaacha kutafuna. Tanti Concilie alimtazama Bonfils bila hasira, kama mtu anayemtambua ndugu wa upande wa mumewe.

"Ndiyo hivyo," akasema polepole, akanyoosha mkono kuchukua glasi yake.

Chanelle akawahi. Aliipokonya glasi kutoka vidole vya kocha wake, pombe kidogo ikamwagika kwenye sketi yake. Akafumba macho. Halafu, kama aliyeona kwamba hata kufumba ni kuogopa, akayafumbua, akamkazia Tanti Concilie macho, akanywa. Alikunywa vibaya, kwa sauti, huku pombe ikimtiririka kidevuni, na hakuishusha glasi mpaka Tanti Concilie mwenyewe alipomshika mkono.

"Polepole, mutoto. Hiyo ni kali."

"Iko tamu, Tanti. Nipe ingine."

Hapo tu ndipo Tanti Concilie alipoketi. Aliketi kwa mpigo, kiti kikalia, na kwa muda hakuna aliyemwona uso kwa sababu aliufuta kwa ncha ya kitenge. Térence akaja kuchuchumaa kati yao, akitaka kumshika huyu na kuogopa kumshika yule. Elvire tayari alikuwa jikoni, akipakua mukeke kana kwamba nyumba ni yake.

"Na gauni?" Térence akauliza.

"Gauni itajijua," Chanelle akasema, akimega ndizi.

Bonfils aliona imebaki nafasi ndogo ya kujiokoa. "Tanti, mimi pale nilikuwa nahesabu sukari tu."

Tanti Concilie akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi.

"Ulikuwa unahesabu siku zako, kijana."

Elvire naye akacheka, kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu. Kabla jua halijazama, Gasenyi yote ingejua, na Gasenyi ina ndugu Musaga. Bonfils akaona kichwani wateja wake mmoja mmoja wakimuuliza kwa heshima kama angependa maji. Goti likarudia kazi yake, kwa fujo.

"Tanti, naomba na mi."

Akamiminiwa bila maneno. Akaipokea kwa mikono miwili, akainywa yote kwa mkupuo mmoja, pombe ikampanda puani, akakohoa, akaweka glasi tupu mezani mahali ambapo kila mtu angeiona.

Hakuna aliyeiona. Tanti Concilie alikuwa amevuta kiti chake karibu na cha Chanelle, na walikuwa wameshaanza kubishana na Térence ni mjomba yupi aongee siku ya dot, yule mwenye sauti nzuri au yule anayejua kunyamaza.