Ukuta wa Nyayo

Wema huoza. Wahenga walisema hauozi, na kila anayeshika kipaza sauti msibani hulirudia neno lao kama kasuku. Lakini wahenga hawakuingia kwenye karakana ya Mama Soli Alhamisi ile saa tisa alasiri, wakanusa wema wa mtaa mzima ukiwa bado mbichi ukutani: rangi ya mafuta, nyeupe kama maziwa, iliyopakwa mara mbili.

Kisigino ndiye aliyeingia wa kwanza. Alikuwa anatoka kumzika mama yake. Alivuka kizingiti, akapiga hatua mbili, akasimama ghafla hata mwanamke aliyekuwa nyuma yake akamgonga mgongoni.

“Vipi, mwanangu? Ingia ukae,” alisema yule mwanamke. Alikuwa Mwenyekiti, mkuu wa umoja wa wanawake wa mtaa.

Kisigino hakukaa. Alikuwa anautazama ukuta wa kushoto, na ukuta haukuwa na kitu.

Ili mtu aelewe kilichomkata maini, ajue kwanza Mama Soli alivyokuwa akifanya kazi. Kwa miaka thelathini na mmoja alishona viatu katika chumba hicho cha mbele, mlango ukitazama barabara, na hakuwahi kuandika kipimo cha mteja kwenye karatasi. “Karatasi hupotea, daftari huliwa na mende,” alizoea kusema. “Ukuta unaenda wapi?” Kwa hiyo mteja alivua kiatu, akainua mguu, akaukandamiza unyayo ukutani, huku amemshika Mama Soli bega asije akaanguka. Mama Soli alipiga magoti na penseli bapa ya seremala, akauzungushia mguu mstari polepole, kuanzia kisigino hadi kidole gumba na kurudi. Ilitekenya. Wanaume wazima na ndevu zao, wenye kutisha watoto barabarani, walikuwa wakicheka hadi machozi. Hakuna mtu mtaani ambaye hakuwahi kusimama kwa mguu mmoja mbele ya mwanamke yule.

Ndani ya kila mguu aliandika jina la utani, mwaka, na neno moja mawili. “Anaegemea kulia.” “Juu mnene, usimbane.” “Anadai namba saba, muongo.” Watoto walirudi kila mwaka, na miguu yao ikachorwa pamoja, mkubwa ukiuzunguka mdogo kama maganda ya kitunguu. Waliokufa hakuwafuta. Alipoambiwa nafasi inaisha, alijibu, “Basi wapya watapanda juu,” na kweli, miaka ya mwisho wateja warefu walikuwa wanapimwa usawa wa dirisha huku wakilalamikia nyonga zao.

Chini kabisa, karibu na pembe ya mlango, ulikuwepo mguu mmoja ambao hakuuchora yeye. Aliuchora Kisigino alipokuwa na miaka tisa, siku aliyotangaza kwamba sasa yeye ndiye fundi. Jina lenyewe la Kisigino alipewa na mama huyohuyo, kwa sababu tangu alipojua kutembea alimfuata nyuma bila kubanduka. Siku hiyo mama alicheka, mguu ukacheza, mstari ukaruka pale unyayo unapobonyea. Ndani yake yaliandikwa maneno ya mtoto kwa herufi za mtoto: MAMA, ANATEKENYEKA.

Mguu huo ndio uliomfikisha Kisigino hadi Alhamisi. Jumanne asubuhi mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapaka uzi nta, akasema, “Kisigino, hebu nipe ile…” Halafu akainama mbele taratibu, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Hakuinuka. Hakuwa ameugua hata mafua. Tangu hapo Kisigino hakutoa chozi. Alilala kwa Mjomba, kaka wa mama yake, kwa kuwa wanawake walisema hafai kubaki peke yake. Alikula alipoambiwa kula. Kichwani lilizunguka swali moja la kipumbavu: ile nini? Ile shazia ya kushonea ngozi? Ile nta nyingine? Na kila aliyemwambia “lia, binti, utoe uchungu,” alimjibu kimoyomoyo: nikifika nyumbani. Nikifika nyumbani nitapiga magoti pale pembeni, niweke kiganja changu ndani ya mguu wa mama yangu. Hapo nitalia.

Sasa alikuwa amefika nyumbani.

“Nyayo ziko wapi?” aliuliza.

“Nyayo gani, mwanangu?”

“Za ukutani.”

Uso wa Mwenyekiti ukachanua. Alikuwa mwanamke wa kifua kipana na moyo mpana zaidi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kilio na kwa kazi. “Aa! Tulitaka uje uone mwenyewe. Tumemsafishia mama yako chumba. Pale palikuwa pamechakaa, penseli juu ya penseli, na wageni wanatoka mbali. Tangu jana asubuhi tuko hapa, huyu anasugua, yule anabeba viti. Angalia panavyong'aa! Unaweza kujiona.”

Kisigino akatazama. Kweli alijiona: kivuli cha mtu asiye na uso, kimezama kwenye weupe. Akaenda hadi pembe ya mlango, akachuchumaa, akagusa. Rangi ilikuwa haijakauka sawasawa. Kidole kikanasa kidogo, kikaacha alama yake. Nyuma yake watu walikuwa wanaingia, viti vinaburutwa, mtu anakohoa, mtu anauliza kama sukari ipo. Aliposimama, kuna aliyempa kikombe cha chai, naye akakishika kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba asiyoijua.

“Jamani, mbona mume wangu hayupo?”

Wote wakageuka. Alikuwa Bibi wa ng'ambo ya barabara, mjane wa fundi bati. Mumewe alifariki miaka sita nyuma, na tangu hapo, kila asubuhi akitoka kununua maziwa, Bibi alipita karakanani, akagusa unyayo wa marehemu kushoto mwa dirisha, akasema, “Umeamkaje, mzee wangu?” Mama Soli, bila kuinua macho kwenye kazi, alimjibia kwa sauti nzito: “Salama, kasoro goti.” Bibi alicheka, akaenda zake. Sasa mkono wake uliokunjamana ulikuwa unapapasa ukuta huku na huku, kama anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ya ugenini. Kiganja chake kilitoka kikiwa cheupe.

“Bibi, hebu kaa upumzike,” alisema Mwenyekiti.

“Nitakaaje na mume wangu sijui mmempeleka wapi?”

Mtu mmoja akacheka, kicheko kifupi, akakimeza. Ilikuwa kana kwamba hakuna aliyeuona ukuta ule mpaka mwanamke yule alipougusa. Mama mmoja akainuka nusu, akatafuta kwa macho mahali walipokuwa wanawe watatu. Mwanamume aliyeketi karibu na mlango akaziba mdomo kwa mkono. Mmoja baada ya mwingine walikuwa wanatafuta miguu yao.

Fundi Rangi alikuwa amesimama kando ya rafu, weupe bado umo kwenye kucha. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili, na Mama Soli ndiye pekee aliyewahi kumshonea kiatu cha kumwezesha kutembea barabarani bila kuyumba.

“Nilipofika kwenye mguu wangu nilisita,” alisema, hata kabla hajaulizwa. “Haki ya Mungu nilisita, Kisigino. Brashi ilikuwa juu. Nikashuka kwenye ngazi, nikaenda kuuliza.”

“Ukamuuliza nani?”

Macho yake yakaenda kwenye kiti cha mbele, alipoketi Mjomba na tai yake nyeusi, hotuba ya kurasa mbili imekunjwa juu ya goti. Mjomba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Hata msibani aliketi kana kwamba kengele italia muda wowote.

“Mimi nilimwambia aendelee,” alisema Mjomba. “Angesema nani mwingine? Wewe ulikuwa huongei.”

“Ungeniuliza, ningeongea.”

“Nikuulize habari za penseli? Miaka thelathini nimemwambia dada yangu aache kuchorachora ukutani kama mtoto wa chekechea. Leo watu wenye heshima zao wanakuja kumkumbuka, wamkute katikati ya nyayo? Nyayo, mwanangu! Mahali pa kukanyagia uchafu! Nilitaka akumbukwe kama mtu.”

“Mguu wake ulikuwa pale chini. Uliuona?”

Mjomba alirekebisha tai. “Niliona miguu mingi.”

Kisigino akaweka kikombe sakafuni. Kwenye rafu ilikuwepo chupa ya tina, ile waliyosafishia gundi vidoleni kila jioni, na kitambaa kando yake. Akavichukua, akarudi pembeni, akapiga magoti mbele ya watu wote na gauni lake la msiba, akaanza kusugua. Rangi ililainika, ikavutika, ikakunjamana kama ngozi ya maziwa. Akasugua tena. Hapo, chini ya weupe, ukajitokeza mstari wa kijivu, mfupi kama ukope. Aliujua. Ulikuwa ule ulioruka, siku ile mama alipocheka.

“Huyu hapa,” alinong'ona. “Huyu hapa, huyu hapa.” Na mkono, kwa haraka ya furaha, ukapita tena.

Mstari ukaondoka.

Fundi Rangi alikuwa ameshamfikia na kumkamata kiwiko. “Acha, binti. Acha. Tina haichagui. Inakula rangi, inakula na penseli.”

Kisigino akakitazama kitambaa. Kilikuwa na weupe mwingi na doa moja la kijivu, na doa lenyewe lilikuwa tayari linasambaa. Akabaki amepiga magoti, mdomo wazi. Machozi aliyoyaahidi kwa siku mbili hayakuja. Aliyasubiri. Hayakuja.

Mwenyekiti hakujua la kufanya, na mtu asiyejua la kufanya hushika ratiba. Akamwinua taratibu, akampangusa magoti, akamtia kipaza sauti mkononi. “Sema neno, mwanangu. Washukuru watu, tumalize vizuri. Mama yako alikuwa mama wa wote.”

Kisigino akawatazama. Aliwafahamu kuanzia chini kwenda juu, kama alivyofundishwa: vidole vilivyopishana, visigino vilivyopasuka, nyayo bapa, nyayo zenye upinde. Vipimo vyao vyote vilikuwa vimekaa mita mbili kutoka alipolala kwa miaka ishirini.

“Nashukuru kwa viti,” alisema. “Nashukuru kwa chai. Nashukuru kwa waliobeba jeneza, maana lilikuwa zito na njia mbaya. Kwa rangi sishukuru.”

Viti vikalia.

“Kila mtu hapa amekuja na maneno kwamba Mama Soli hatasahaulika. Mmeyasema makaburini, mkayasema njiani. Na wakati huohuo mlikuwa mmeshamfuta. Nyinyi hasa, mliompenda! Adui yake, kama alikuwa naye, asingethubutu. Adui angeogopa hata kuingia humu. Mmenizikia mama mara mbili, na mara ya pili hata taarifa sikupewa. Pamoja naye mmemzika mume wa Bibi, mmezika miguu ya watoto wenu walipokuwa na miaka minne, mitano, sita. Haya, nani anajua wapi kuna nyingine? Nani ana kopi?”

“Inatosha,” alisema Mjomba.

“Haitoshi. Nimekaa naye chumba kimoja maisha yangu yote, na kitu pekee chenye umbo la mwili wake kilikuwa pale chini. Picha anazo kila mtu. Mguu nilikuwa nao mimi.”

Mwenyekiti alikuwa analia, si kilio cha kupasua hewa kama cha makaburini. Sasa alilia kimya, mikono imelala mapajani, rangi kwenye mikunjo ya vidole. “Tulitaka kukufurahisha,” alisema. “Wallahi, mwanangu, tulitaka ukirudi uone tunakupenda.”

Lilimchoma Kisigino. Alijua ni kweli. Huyu ndiye aliyemshika mkono pale kaburini, ndiye aliyemlisha Jumanne na Jumatano kwa kijiko kama mgonjwa.

Mjomba akasimama, akashusha sauti, ile ya ofisini kwake enzi zile, iliyokuwa mbaya kuliko kelele. “Watu hawa wameacha kazi zao kwa ajili yako. Wamesugua sakafu unayoikanyaga. Mbele yao wote, sasa hivi, utaomba radhi. Kosa ni langu, sawa, nimelibeba. Lakini ulimi huo ni wako. Unajua mama yako angefanya nini? Angeomba radhi kabla sijamaliza kusema.”

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Ilikuwa kweli tupu. Mama Soli aliomba radhi kwa wateja waliochelewa wenyewe. Aliwahi kukiomba radhi kigoda alichojikwaa. Fundi Rangi aliinamisha kichwa. Bibi alikuwa bado amesimama dirishani, kiganja cheupe amekiinua mbali na nguo zake, anasubiri kama wengine.

Kisigino alirudisha kipaza sauti mezani. Hakukihitaji.

“Mama angeomba,” alisema. “Mimi siombi radhi.”