Dainamo ya Ildefonsi

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Mbinga yakajaa vitu ambavyo watu walikuwa wamevisahau, Ildefonsi wa Mkumbi naye akapata nafasi ya kuchagua taa ya baiskeli. Mama mkwe wake, Notburga, alimtumia neno kupitia kwa mkewe, Siwema: anunue ya betri. Ildefonsi akacheka. Betri huisha, huvuja. Dainamo haili kitu. Unaibana kwenye tairi la nyuma, gurudumu likizunguka taa inawaka. Gurudumu likisimama je? Hilo hakupenda kuulizwa, mjuaji yule.

Aliulizwa usiku ambao uchungu ulimshika Siwema kabla ya siku zake. Alimpakia kwenye keria, wakashika njia ya zahanati, Notburga, aliyekuja kumngojea mwanawe ajifungue, akifuata kwa miguu. Njia ilikuwa mlima mtupu, hivyo alisukuma tu, na kwa mwendo ule taa ilitoa wekundu hafifu kama kaa la moto linalokufa.

"Simama!" Siwema akapiga kelele. "Mtoto anakuja!"

Aliposimama, taa ikazimika. Mwezi haukuwepo. Kwa hofu Ildefonsi akasahau hata kumteremsha mkewe. Notburga ndiye aliyemshusha na kumlaza ukingoni mwa barabara.

"Mwanga!" akaita kutoka gizani. "Nitamshikaje mtoto nisiyemwona?"

Ildefonsi akaitia baiskeli stendi, gurudumu la nyuma likaning'inia. Akaupinda usukani upande wa sauti, akapiga magoti, akaanza kuzungusha pedali kwa mkono. Taa ikawaka. Hapo akafanya alivyofundishwa tangu ujana: akageuza uso. Mwanamume hatazami uzazi, sembuse mbele ya mama mkwe, ambaye hata kumwamkia humwamkia ameinamisha macho.

Akazungusha bila kuona anachokimulika. Akienda polepole, giza. Akienda kwa pupa, balbu ingeungua, na balbu ilikuwa hiyo hiyo moja. Nyuma yake Siwema alilia, akanyamaza, akalia tena. Mkono ukamwaka moto. Kisha kukawa kimya, na sauti ya mtoto haikusikika.

"Taa imehama!" Notburga akasema. Mtikisiko ulikuwa umeugeuza usukani, mwanga ukawa unamulika majani matupu. "Mkwe, geuka!"

"Mama, mimi..."

"Geuka uone! Kichwa kimetoka, kitovu kimemzonga shingoni!"

Ildefonsi akageuka. Kwa mkono wa kushoto akaushika usukani, akaulenga mwanga kwenye vidole vya mama mkwe wake, na wa kulia haukuacha kuzungusha. Aibu aliiona, ila hofu iliizidi, na hakupepesa macho. Vidole vikapenya chini ya kitovu, vikakilegeza, vikakipitisha juu ya kichwa. Mtoto akatoka mwili wote, mlegevu. Notburga akamfuta kinywa, akamsugua mgongo, akamsugua tena.

Kitoto kikakohoa, kikalia.

Siwema naye akalia huku akicheka. Notburga akamfunga mtoto kwa khanga, akamlaza kifuani kwa mama yake. Kazi ya taa ilikuwa imekwisha, lakini Ildefonsi alizidi kuzungusha, jasho na machozi vikimchuruzika, macho yameganda kwenye kile kifua kidogo kilichopanda na kushuka. Aliogopa kwamba akiacha yeye, nacho kitaacha.

Notburga, ambaye hakuwahi kumgusa, akamshika mkono.

"Pumzika, baba," akasema. "Hata gizani anapumua."