Nafasi ya Nne

Mzee Gwakisa alipopata kiharusi, upande wake wote wa kulia ulilala. Daktari alimwambia binti yake, mwalimu Vaileth, kwamba mguu ungeweza kurudi kama mazoezi yangeanza mapema.

"Tafuta kituo cha utengamao, Mwalimu. Wiki hizi za mwanzo usizipoteze."

Vaileth alitafuta. Kituo cha kwanza hakikupokea bima ya serikali. Cha pili kilikuwa kikipokea, sasa kimeacha. Alipiga simu Mbeya, akaambiwa aje na fedha taslimu. Siku ya tisa akapata kimoja Ibighi, bima wanapokea. Akakodi gari, akamtoa baba yake Isongole. Kadi ya mzee hakuwa nayo. Mumewe, Joel, ndiye aliyepeleka fomu ya kumwandikisha mzee kwenye bima miaka miwili iliyopita, na kila akiulizwa alisema kadi haijatoka.

Dada wa mapokezi aliingiza namba ya Vaileth kwenye kompyuta.

"Mzee hayumo, Mwalimu."

"Hebu angalia vizuri. Wategemezi wangu ni wanne: mwanangu Jacob, wakwe zangu wawili, na baba."

"Wa nne ni Nahla Joel, miaka minne." Yule dada akatabasamu. "Huyu tunamfahamu, yule mwenye shida ya miguu. Mama yake, Siwema wa Bulyaga, humleta kila Jumanne na Ijumaa. Ni ndugu yenu?"

Nyuma ya Vaileth baba yake, mate yakimtiririka pembeni mwa mdomo, alikuwa akiuliza kwa Kinyakyusa kama wamekubaliwa.

Nyumbani Joel hakukana.

"Mtoto hana kosa, mama Jacob. Ana maisha mbele yake. Mzee ameshakula chumvi nyingi."

Kesho yake Vaileth alikwenda ofisi ya bima kubadilisha majina.

"Ukimwondoa huyu mtoto, matibabu yake yanakatika leo leo," karani alimwonya. "Nafasi ni nne tu. Hakuna mwingine wa kumtoa?"

"Hakuna," alisema Vaileth, akatia sahihi.

Mzee alianza mazoezi wiki hiyo. Mwezi wa pili, akiwa ameshikilia vyuma, aliweza kusimama. Siku chache baadaye Siwema alikuja shuleni, Nahla mgongoni. Walisimama nje ya darasa.

"Mwalimu, sikujua kama nafasi ile ilikuwa ya baba yako. Joel aliniambia bima ni yake mwenyewe. Wallahi sikujua."

"Sasa umejua."

"Mwanangu alikuwa ameanza kusimama."

Vaileth aliitazama miguu ya mtoto. Ilikuwa myembamba, ndani ya soksi za waridi, imening'inia kama si yake.

"Baba yangu naye ameanza."

Siwema alimweka mtoto vizuri mgongoni. "Si ungemtoa mmoja wa wakwe zako? Wao wazima, wanalima viazi kila siku. Ungemtoa hata mmoja."

"Nililifikiria hilo."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua."

Nahla, ambaye hakuelewa kitu, alimpungia mwalimu mkono. Vaileth akaingia darasani, akawaambia wanafunzi wafungue vitabu.

Ijumaa hiyo Mzee Gwakisa alipiga hatua sita bila kushikwa. Wote waliokuwepo walimpigia makofi, na Vaileth alipiga kwa nguvu kuliko wote.