Ukuta wa Mama Povu

Mama Povu alikuwa dobi, na dobi hashindwi na doa. Kola ya fundi magari, shuka la mgonjwa, kitambaa cha meza kilichomwagikiwa mchuzi, vyote vilipita mikononi mwake vikatoka vyeupe pe. Kwa hiyo ukungu mweusi ulipoota ukutani chumbani kwake, nyuma ya kabati, alicheka tu. Akachanganya maji ya moto na sabuni ya unga, akachukua brashi yake ya kola, akausugua ukuta mpaka viwiko vikamuuma. Siku ya tatu ukungu ukarudi, tena na ndugu zake.

Akausugua tena. Alikuwa mbishi, huo ndio ukweli wake. Wiki nne za mvua aliulowesha ukuta kila Jumamosi, huku bintiye wa miaka sita, aliyeitwa Kifaranga kwa wembamba wake, akikohoa kitandani chumba hichohicho. Kikohozi kikageuka cha kubana. Alfajiri mtoto aliketi kitako, mabega juu, akivuta pumzi kwa mluzi. Zahanati walimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, wakauliza kama nyumbani pana unyevu. Mama Povu akajibu kwa hasira kwamba nyumba yake ni safi kuliko hapo zahanati.

Lakini hofu ilikuwa imeshamwingia. Akamlaumu jirani wa ghorofa ya juu na bafu lake, akamwita fundi mwashi aje kumuumbua. Mwashi akapanda, akashuka, akaukwaruza ukuta kwa ukucha. Bafu la juu halikuvuja hata tone. Kisha akainua macho, akatazama kamba tano zilizokatiza chumba, mashuka na mashati yakining'inia mpaka juu ya kitanda cha mtoto, na dirisha lililofungwa.

"Unaanika humu kila siku?"

"Na mvua hii nianike wapi, kaka? Nje nako wezi wanaanua kabla yangu."

"Basi maji ya hizo nguo ndiyo yanayokaa ukutani, dada. Ukuta huu unaunyeshea wewe."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Mama Povu alikuwa na nguo za mtaa mzima. Mwashi akamwelekeza: nguo zitoke, dirisha liwe wazi, kabati livutwe mbali na ukuta, na asiumwagie maji tena. Maneno mazuri, na rahisi kwa anayeyasema.

Kesho yake akafungua dirisha. Lilitazama uchochoro ambako majirani walipikia kwa mkaa. Moshi ukaingia, Kifaranga akabanwa zaidi, na mashati ya mwalimu mkuu yakarudishwa kwa kunuka moshi. Akalifunga. Akaanika nje chini ya turubai. Hadi jioni nguo zilikuwa mbichi vilevile, na mashuka mawili hayakuonekana. Aache kufua? Kazi nyingine hakuwa nayo, na hiyo ndiyo iliyonunua dawa ya mtoto. Aliketi juu ya beseni lililopinduliwa, akalia bila kujificha.

Ijumaa dada yake mkubwa akaja kumchukua Kifaranga akakae kwake siku mbili tatu, upande wa pili wa mji, kwenye nyumba inayopitisha upepo. Mama Povu alikubali, ila moyoni aliomba jambo ambalo asingethubutu kulitamka: mtoto akohoe huko pia. Akikohoa huko, basi si ukuta, si nguo, si yeye. Ni mwili tu wa mtoto, na mwili hutafutiwa dawa.

Jumapili asubuhi simu ikalia. Mikono ilikuwa na povu hadi viwikoni; akaibana simu kwa bega.

"Furahi, mdogo wangu," dada yake akasema. "Hajakohoa hata mara moja. Sasa hivi yuko uani anakimbia na wenzake. Anauliza utakuja lini kumchukua."

Mama Povu alishukuru. Furaha aliipata kweli, na ikamchoma. Juu ya kichwa chake mashuka kumi na mawili yalikuwa yakidondosha maji.

"Mwambie..." akaanza. Akatafuta siku ya kumtajia mtoto. Jumatatu, Jumatano, wiki ijayo. Zote zilikuwa na nguo za watu.

"Mwambie aendelee kucheza."