Fungu la Taa

Umeme ulikatika tena, na Veneranda akakaa sakafuni akalia waziwazi, wala hakujali kama mama yake anamwona. Nyota yake ilikuwa imezimika kwa mara nyingine.

Nyota yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta. Veneranda alikuwa anasomea shahada ya pili ya fizikia, amerudi kwao Buzebazeba, Ujiji, kumuuguza mama aliyefanyiwa upasuaji. Na kazi yake, we acha tu! Alikuwa anatuma chembe za mwanga za kubuni zipenye angahewa ya nyota, zigongwe huku na kule, kisha atazame zikitoka zinatikisika kuelekea upande gani. Nyota ikiwa mviringo kamili, mitikisiko ya pande zote inafutana, hakibaki kitu. Hii yake inazunguka kwa kasi mpaka imetuna kiunoni, kwa hiyo kidogo lazima kibaki. Ila hicho kidogo hakionekani mpaka zipite chembe nyingi ajabu, mfululizo, na programu aliyorithi chuoni haikujua kuhifadhi kazi njiani. Umeme ukikatika, anaanza moja. Na Ijumaa ya wiki ijayo ndiyo mwisho: bila jibu, kuhitimu mwaka huu asahau.

Mjomba wake Castory, mvuvi wa dagaa, alikuja kumjulia hali dada yake, akamkuta mpwa macho mekundu. Aliuliza, akaelezwa, akaelewa nusu. Hiyo nusu ilimtosha. Ilikuwa mbalamwezi, na mwezi ukiwa mpevu dagaa hawazifuati taa, hivyo boti ilikuwa imepumzishwa mchangani na betri za taa zimekaa bure. Mchana uleule Castory na wenzake wawili, Nikodemu na Heritier, walizileta betri mabegani, wakaziunga kwenye inveta ya kuazima, umeme ukiwepo zijichaji, ukikatika zishike zenyewe, na laptopu ikawaka. Heritier aliikodolea macho skrini, akauliza sasa samaki wanatokea upande gani. Veneranda akacheka, na alikuwa hajacheka siku nyingi.

Kumbe alikadiria muda vibaya. Mbalamwezi ikaisha, wavuvi wakaanza kurudi ziwani, programu bado inachapa kazi. Alimfuata mjomba mwaloni, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, akamwambia achukue vifaa vyake, riziki za watu si za kuchezea. Castory alimjibu kwamba wameshapanga mambo yao, yeye aende akaangalie nyota yake. Kesho yake asubuhi ndipo mama alipomwambia: wale watu walikuwa wameingia ziwani na karabai moja ya zamani, wakarudi na dagaa wa kutia aibu, na hakuna aliyenung'unika. Veneranda akaisukuma chai kando.

Ijumaa jibu likatoka. Kidogo kilikuwa kimebaki, kidogo kweli, lakini kipo, na kimeelekea palepale alipotabiri. Akatuma, msimamizi wake akaridhika, akamwambia aandike ripoti. Alimkumbatia mama kwa nguvu mpaka akaambiwa taratibu, kidonda hicho.

Jioni alizirudisha betri mwaloni kwa mkokoteni. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya shukrani, na alipofika yote yalimtoka kichwani. Akabaki anasema asanteni, asanteni sana, kama kasuku. Castory akamkatiza, uso mkavu.

"Botini kwetu mwenye taa ana fungu lake, hata kama amelala nyumbani. Sasa wewe umevua kwa taa zetu. Fungu letu liko wapi?"

Nikodemu na Heritier wakaangua kicheko. Veneranda hakucheka. Alitoa simu, akafungua ukurasa wa kwanza wa ripoti aliouandika mchana ule, akawasomea: kwamba kazi hii imewezekana kwa betri za Castory, Nikodemu na Heritier, wavuvi wa Ujiji, ambao kwa ajili yake waliingia ziwani na karabai moja.

Kicheko kikakatika. Heritier akavua kofia. Castory aligeukia boti, akaanza kuhangaika na waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Soma tena, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Polepole."