Neno la Herufi Kumi na Sita

Mimi si simu, na nililisema hilo dukani mchana kweupe. Lakini baba mkwe wangu na mume wangu walikuwa wamenuniana, na mimi nimekaa katikati yao nikitia vifungo kwenye nguo za wateja.

"Mwambie mumeo anisogezee pasi."

"Mwambie baba mkwe wako pasi iko hapo mkononi kwake."

Jamani! Watu wanakaribia kugusana magoti, halafu salamu zipitie kwangu.

Chanzo kilikuwa cherehani. Mume wangu aliiuza ile ya zamani ya kukanyaga, ambayo baba yake alimfundishia kazi, akaleta ya umeme. Hakumuuliza mzee. Mzee akafungua duka asubuhi akakuta pengo. Hakufoka, alinyamaza tu, na afadhali angefoka.

Kitu kimoja hakikufa, nacho ni mchezo. Mbele ya duka letu kuna tuta, na kila gari hupunguza mwendo hapo. Tukimaliza chai ya jioni, gari la kwanza kupanda tuta ndilo letu. Tunasoma herufi tatu za namba yake, kisha kila fundi anatafuta kichwani neno refu la Kiingereza lenye herufi hizo zote tatu, kwa mpangilio wowote. Mwenye neno refu zaidi ndiye mshindi. Mzee aliuanzisha siku nyingi, baada ya mteja mmoja mwalimu kumwachia kamusi, na mume wangu alikuwa akiyahesabu maneno hayo kwa vidole kabla hajaweza kutunga uzi kwenye sindano.

Mchezo una adabu yake. Aliyeshindwa huacha kazi, husimama na kusema, "Nimekubali, baba," au "Nimekubali, mwanangu." Mshindi hujibu kwa kugonga meza mara mbili kwa mkasi, maana yake kaa, tuendelee na kazi. Tangu ugomvi ule, maneno yalikuwa yakiambiwa ukuta, na aliyeshindwa aliiendesha mashine kwa nguvu kama vile hakusikia. Hakuna aliyesimama.

Ndipo koo la mzee likaharibika. Daktari alituambia bila kuzunguka: kuna uvimbe, lazima ukatwe, na sauti itaondoka nao. Jumatatu angelazwa. Jumamosi ingekuwa siku yake ya mwisho dukani akiwa na sauti yake.

Nililia jikoni, nikanawa uso, kisha nikambana mume wangu. "Baba anaondokewa na sauti. Wewe unangoja nini?"

"Nilishakosa, najua. Lakini nikianza kusema nitasema nini? Hanitazami hata usoni."

"Sema 'nimekubali, baba.' Basi."

Akafikiri. "Nikishindwa mchezoni, nitasimama niseme. Nakuahidi. Lakini mimi sishindwi kirahisi."

Nikajisemea, utashindwa, utake usitake.

Jirani yetu mmoja ni dereva wa teksi, tunamwita Mwendopole. Gari lake lina herufi C, N na V. Nilimwomba Jumamosi asubiri kwenye kona, akiona nimening'iniza kitambaa chekundu mlangoni, apite kwenye tuta. Kisha nikaishika kamusi, nikaifukua hadi macho yakaniuma, mpaka nikapata *circumnavigation*. Maana yake kuizunguka dunia nzima kwa meli. Herufi kumi na sita! Nikamfundisha mzee nilipokuwa nikimpima shati la kwendea hospitali.

Akacheka kwa sauti ya mikwaruzo. "Mkwe wangu, unaniibia mtihani?"

"Ndiyo, baba. Lishike vizuri, ulitoe Jumamosi."

Akalirudia, akalirudia tena, herufi kwa herufi. Hakukosea hata moja.

Jumamosi tukanywa chai. Nikatundika kitambaa. Mwendopole akaja, akapanda tuta polepole kama bibi harusi.

"C, N, V," nikasoma.

Mume wangu akatazama dari. "*Conversation*," akauambia ukuta. Mazungumzo. Kumi na mbili.

Nikamgeukia mzee. Alikuwa ameshika chaki ya kushonea, anaizungusha vidoleni. Akamtazama mwanawe usoni, muda mrefu.

"*Invoice*," akasema.

Nilitaka kumrushia bobini ya uzi! Hilo neno liko kwenye kila ankara tunayoandika, na halifiki hata herufi nane. Nikamkonyeza, nikamkanyaga mguu. Akausogeza mguu wake pembeni, akaacha suruali aliyokuwa akiikata, akasimama akijishikilia mezani.

"Nimekubali, mwanangu."

Mume wangu akanyanyua mkasi. Ulibaki hewani, kisha akauweka chini bila kugonga na kutoka nje. Mzee alikaa, akaendelea na suruali yake.

Jumatatu wakamkata ule uvimbe. Tulingoja kwenye benchi la korido, na mume wangu macho yalikuwa mekundu.

"Mzee amezeeka," akasema. "Akili imempungua. Yaani *invoice*, kweli? Namwonea huruma."

Hapo nikapasuka. "Huruma? Akili imempungua nani? Alikuwa nalo neno la herufi kumi na sita! Nilimfundisha mimi mwenyewe, ili akushinde, ili wewe mwenye shingo ngumu usimame. Alilijua kama jina lake. Akaliacha, akasimama yeye."

Muuguzi akatuchungulia mlangoni. Nikashusha sauti. Mume wangu akaniuliza neno lenyewe, nikamtajia. Akalihesabu kwa vidole, akamaliza mikono yote miwili, akaanza upya mkono wa kwanza, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Jioni wakaturuhusu kuingia. Mzee alikuwa ameamka, shingo imefungwa bandeji nene. Mume wangu hakuketi kwenye kiti alichopewa. Alisimama wima miguuni pa kitanda, mikono ubavuni, kama alivyosimama utotoni kila aliposhindwa.

"Nimekubali, baba."

Mzee akafungua mdomo kwa mazoea. Hakikutoka kitu. Niliona hofu ikimpita usoni, nami nikashika ukingo wa shuka.

Kisha akautoa mkono wake nje ya blanketi, akapapasa mpaka akakipata chuma cha kitanda, na kukigonga mara mbili.